Bendera kwenye kamba ya nguo

Jioni ya tarehe 25 Juni 2024 mpwa wangu alifika kwangu Buruburu, Nairobi, kwa miguu kutoka katikati ya jiji. Matatu hazikuwepo. Macho yalikuwa mekundu, raba moja imekatika kamba, na shingoni alikuwa amejifunga bendera ya Kenya, imelowa na inanuka vitoa machozi. Kabla hajaomba chakula, aliomba beseni. Aliifua bendera ile peke yake, bila kuichanganya na shati wala soksi. Akaisuuza mara tatu, kisha akaikamua taratibu, kipande kwa kipande, kama mtu anayekamua leso ya marehemu mamake. Nilisimama mlangoni nikimtazama. Nina miaka hamsini na kitu. Nimesimama wima mbele ya bendera hiyo Jumatatu na Ijumaa zisizo na hesabu, lakini sijawahi kuifua. Wala sijawahi kuwa nayo nyumbani.

Siku ile waandamanaji waliokuwa wakipinga kodi za Mswada wa Fedha wa 2024 waliingia Bungeni, na polisi wakafyatua risasi. Kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatatia saini mswada huo. Kufikia tarehe 1 Julai, Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu watu 39 waliouawa. Katika wiki zilizofuata nilikuwa nikiwasikia wa rika langu, misibani na harusini, wakilalamika: vijana hawa hawana heshima. Bendera ya taifa wanaifunga kiunoni kama leso ya jikoni, wanaivaa kichwani, wanaiandika maneno kwa kalamu, wanaikalia barabarani. Zamani zetu nani angethubutu?

Swali hilo silipuuzi, kwa sababu wanaoliuliza hawaulizi kwa ubaya. Wamekuzwa kuamini kwamba kitambaa kile kina utukufu, na wanaumia kukiona vumbini. Ila nadhani wanakosea kuhusu enzi zetu. Tulichokuwa nacho sisi kiliitwa heshima, lakini mimi niliyekulia ndani yake nakumbuka hasa woga.

Nilisoma shule ya msingi Mombasa miaka ya themanini, enzi za Rais Moi na maziwa ya Nyayo yaliyogawiwa shuleni. Asubuhi za bendera tulipangwa kwa madarasa, wadogo mbele, na skauti wawili walitembea hadi kwenye mlingoti huku mwalimu wa zamu akisimama pembeni na kiboko nyuma ya mgongo. Ijumaa moja mvulana wa darasa la sita alifunga kamba vibaya. Bendera ikapanda kichwa chini, kijani juu, nyeusi chini. Hakuna aliyecheka. Tuliimba wimbo wa taifa hadi mwisho, beti zote, huku sote tukijua kitakachofuata. Alichapwa palepale, mbele ya shule nzima, na bendera ikashushwa na kupandishwa upya juu ya kilio chake. Tangu siku hiyo nilipoitazama bendera nilitazama kwanza mafundo ya kamba.

Nje ya shule mambo hayakuwa tofauti. Saa kumi na mbili jioni, ukipita karibu na ofisi ya serikali au kituo cha polisi, filimbi inalia na kila kitu kinasimama: magari, mikokoteni, watu wenye vikapu vya samaki. Baba alikuwa akinipakia nyuma ya baiskeli. Filimbi ikilia alishuka, akaishika baiskeli kwa mkono mmoja na bega langu kwa mkono mwingine. Siku moja nilijikuna. Akaninong'oneza, "Tulia mwanangu, watu wanatazama." Hakusema Kenya inatazama, wala mashujaa wetu. Alisema watu, nami nilijua ni watu gani.

Ahadi ya uaminifu tuliyoikariri shuleni ilianza na Rais, ikaja kwa Taifa, ndipo ikafika kwenye wajibu wa kuilinda bendera, na kumalizikia kwenye Nyayo, falsafa ya Rais Moi. Mtoto anayelirudia hilo kila wiki hujifunza mpangilio wake hata kama hajui maana ya kila neno. Kuanzia Juni 1982 hadi Desemba 1991 katiba yenyewe iliruhusu chama kimoja tu, KANU, na rangi za KANU zilikuwa nyeusi, nyekundu na kijani. Kuwa na shaka na chama, na Rais, na serikali, na taifa, yote yalikuwa kosa moja, na bendera ilifunika yote. Kwa hiyo wazee wenzangu wanaposema zamani bendera iliheshimiwa, mimi husema ilisimamiwa.

Na hapa nataka kusimama kidogo kwenye kitambaa chenyewe, kwa sababu Wakenya wengi tunazijua rangi zake kama tunavyojua jedwali la kuzidisha, bila kuuliza zilifikaje pale. Nyeusi ni watu, nyekundu ni damu, kijani ni ardhi. Nyeupe ni amani, tunasema haraka haraka, tukiwa tumeshaanza kufikiria ngao na mikuki. Lakini ile nyeupe ndiyo iliyobeba mvutano wote wa kuzaliwa kwa nchi hii. Kabla ya uhuru kulikuwa na vyama viwili vikubwa. KANU kiliegemea jamii zenye watu wengi, hasa Wakikuyu na Wajaluo. KADU, chama cha Ronald Ngala, Daniel arap Moi na Masinde Muliro, kilibeba hofu ya jamii ndogo: watu wa Pwani, wa Bonde la Ufa, wa Magharibi, waliohofia kwamba mkoloni akiondoka watatawaliwa na majirani wao. Ndiyo maana walidai majimbo, yaani mikoa yenye mamlaka yake. Bendera ya KADU ilikuwa nyeusi, nyeupe na kijani. KANU kilishinda uchaguzi wa Mei 1963, na rangi zake zikawa msingi wa bendera ya taifa, lakini kati ya nyeusi na nyekundu, na kati ya nyekundu na kijani, ikapitishwa mistari miwili myembamba myeupe.

Mistari hiyo ndiyo ninayoitazama sana siku hizi. Ni makubaliano yaliyoshonwa. Walio wengi waliwapa walio wachache nafasi ndani ya kitambaa, nafasi ndogo, lakini inayoonekana. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963 bendera ikapandishwa Nairobi, na Kisoi Munyao akaipeleka nyingine hadi kilele cha Lenana kwenye Mlima Kenya, mita 4,985 juu ya bahari. Haukupita mwaka KADU kikajivunja, Novemba 1964, na majimbo yakafutwa. Mistari ilibaki kwenye kitambaa, ila waliotakiwa kuyadai makubaliano yake walikuwa wameshahamia upande wa pili wa Bunge.

Matokeo yake hayakukawia. Huko kaskazini hayakungoja hata majimbo kufutwa. Tarehe 28 Desemba 1963, siku 16 tu baada ya uhuru, hali ya hatari ilitangazwa huko. Mwaka 1962 tume ya Waingereza ilikuwa imekuta kwamba Wasomali wa eneo hilo wanataka kujiunga na Somalia. Ile nyota nyeupe ya bendera ya Somalia ina ncha tano, na moja ilikuwa ni yao. Vita vya Shifta, kati ya serikali na wapiganaji waliotaka kujitenga, vikaenda hadi 1967. Mwanamke aliyezaliwa Wajir mwaka ule wa uhuru alikulia kati ya bendera mbili, moja ikimdai kwa nyota na nyingine ikimtawala kwa amri ya kutotoka nje. Februari 1984 wanaume walikusanywa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, hukohuko Wajir, wakawekwa siku kadhaa juani bila maji, na wengi wakauawa na askari waliovaa nembo ya jamhuri. Serikali ilikiri vifo 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliandika idadi inayokaribia 1,000. Hadi leo utamsikia msafiri wa Mandera au Moyale akipanda basi la Nairobi na kusema anakwenda Kenya. Wengine huona hiyo ni dharau kwa nchi, lakini mimi siwezi kumlaumu. Kwa miongo mingi kijana wa huko alipigwa msasa na kamati ya wazee na maofisa kabla ya kupewa kitambulisho, wakati mwenzake wa Nyeri aliingia ofisini na cheti cha kuzaliwa akatoka na fomu. Mapema 2025 Rais alitangaza akiwa Wajir kwamba msasa huo umekwisha. Ilituchukua miaka 61 kumwambia mtu huyo kwamba hahitaji shahidi ili awe Mkenya.

Kwetu Pwani kisa ni kingine, lakini nacho kina bendera ndani yake. Nyanya yangu aliikumbuka bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar ikipepea juu ya Fort Jesus, kwa maana ukanda wa maili kumi ulikuwa kisheria ni wa Sultani hadi Waingereza walipoondoka. Palikuwa na watu wa Mwambao waliotaka ukanda uwe nchi yake, na palikuwa na wengine, Ngala akiwemo, waliotaka uwe sehemu ya Kenya. Jambo lilikatwa Oktoba 1963, kati ya Jomo Kenyatta na waziri mkuu wa Zanzibar, Mohammed Shamte, kwa makubaliano yaliyoahidi kulinda dini, makadhi na hati za ardhi za watu wa Pwani. Hati za ardhi! Muulize skwota wa Kilifi au Kwale, anayeishi kwenye ardhi asiyo na hati yake, babu yake alilipwa nini. Ndipo miaka ya 2010 maneno "Pwani si Kenya" yakaandikwa ukutani kila mahali Mombasa. Serikali ikalipiga marufuku Baraza la Mombasa Republican, kundi lililotaka Pwani ijitenge, mwaka 2010, na Mahakama Kuu ikaiondoa marufuku hiyo Julai 2012. Mimi sikuwaunga mkono na siungi mkono kujitenga hata leo. Lakini nilikuwa nikikumbuka kwamba muziki wa wimbo wa taifa, ule tunaosimama wima kuuimba, ulitokana na wimbo wa kubembelezea mtoto wa Wapokomo wa Mto Tana. Pwani imeipa Kenya sauti yake, na vijana wa Pwani wanaandika ukutani kwamba hawaimo. Mtu akifika hapo, kumfundisha namna ya kusimama mbele ya mlingoti ni kumponya jeraha lisilokuwa lake.

Wakati huo huo, juu kabisa, bendera ilikuwa ikigombaniwa kwa namna yake. Baada ya ugatuzi wa 2013, magavana 47 wa kaunti walianza kupeperusha bendera kwenye magari yao. Wakuu wa Nairobi wakakasirika. Mwaka 2014 Bunge likarekebisha sheria ya bendera na nembo ili magavana wasiiweke tena kwenye magari, na wasiitwe kwa majina ya heshima ya Rais. Nakumbuka jinsi mjadala ule ulivyojaza magazeti: nani anastahili kijiti kwenye boneti, nani hastahili. Sikumsikia hata mmoja wao akiuliza kama mchuuzi wa soko la Kongowea, Mombasa, anajiona ndani ya rangi zile. Kwa waheshimiwa wetu bendera ilikuwa cheo, kama walinzi na king'ora. Inapita barabarani kwa kasi, na wewe unasukumwa kando ili ipite. Kwa hiyo kama kuna mahali heshima ya bendera ilianza kuoza, mimi naiona pale kwenye boneti, miaka kumi kabla ya kijana yeyote kujifunga shingoni.

Sasa turudi kwa mpwa wangu. Bendera yake aliinunua kwa mchuuzi karibu na jengo la Archives katikati ya jiji, shilingi mia mbili, asubuhi ya tarehe 18 Juni 2024, maandamano ya kwanza. Wachuuzi walikuwa wengi siku zile, bendera kwenye mkono mmoja, filimbi na chupa za maji kwenye mwingine. Nilimuuliza kwa nini bendera, kwa nini asibebe bango tu kama sisi tulivyofanya miaka ya tisini tukidai vyama vingi. Akanijibu, "Mama mkubwa, bango lingeonyesha natoka wapi. Mtu akisikia jina langu la pili tayari ameshanipa chama. Hii haina jina la pili."

Nimelitafakari jibu hilo mara nyingi. Vijana wa mwaka ule walisema hawana kabila, hawana chama, hawana kiongozi, na wazee wengi wakaona ni utoto. Lakini angalia walipotokea: Mombasa, Kisumu, Nakuru, Nyeri, Kisii, Eldoret. Eldoret! Mji wa nyumbani kwa Rais mwenyewe. Miaka 16 nyuma, tarehe 1 Januari 2008, karibu na mji huohuo, kanisa la Kiambaa lilichomwa moto watu wakiwa ndani, kwa sababu ya majina yao ya pili. Zaidi ya watu 1,100 walikufa katika ghasia zile za baada ya uchaguzi. Watoto waliokuwa wakibebwa mgongoni wakati ule ndio waliotembea katikati ya Eldoret 2024 na bendera moja mabegani. Katika maisha yangu sijaona heshima kubwa kuliko hiyo kwa kitambaa kile. Hawakuamrishwa na mtu, na mwalimu wa zamu hakuwepo. Waliyemwona akitazama, alikuwa akitazama kupitia bunduki.

Kwa hiyo ninapoambiwa vijana wameishusha bendera, nakubali neno hilo kama lilivyo. Wameishusha kutoka mlingotini hadi mabegani. Katiba ya 2010 inaitaja bendera katika Kifungu cha 9, lakini kabla ya hapo, katika Kifungu cha 1 kabisa, inasema mamlaka yote ni ya wananchi. Aliyejifunga bendera akidai haki yake anasoma vifungu hivyo viwili kwa pamoja.

Lakini sitaki kuwasifu hadi niseme uongo. Umoja ule haukudumu kama tulivyotamani. Julai 2024 Rais alivunja baraza la mawaziri na kuwaingiza watu wa upinzani serikalini. Oktoba, Naibu Rais Rigathi Gachagua akaondolewa na Seneti. Yeye ndiye aliyekuwa ameifananisha serikali na kampuni yenye wenye hisa, ambamo aliyepiga kura ndiye hula kwanza. Baada ya hapo mazungumzo ya watu wa Mlima Kenya, ya watu wa Bonde la Ufa, ya nani anamlipiza nani kisasi, yakarudi kwa kasi ya kutisha. Maandamano ya tarehe 25 Juni na 7 Julai 2025 yalipokuja, na watu zaidi ya 30 wakauawa Saba Saba peke yake, baadhi ya wanasiasa walikuwa tayari na maelezo ya kikabila kwa kila maiti. Bendera zilikuwepo barabarani, zilezile, lakini safari hii nyumbani kwa watu walizihesabu kwa maeneo: kule wamejitokeza, huku wamenyamaza.

Hapo ndipo ninapowadai vijana wetu kitu, kwa mapenzi. Kusema huna kabila ni rahisi zaidi Nairobi kuliko Wajir, ambako serikali ilikuuliza kabila lako kabla ya kukupa kitambulisho. Bendera isiyo na jina la pili inamfaa aliyechoka kuitwa kwa jina hilo. Kuna Wakenya wanaotaka majina yao yote mawili yasomwe kwa sauti na bado wapewe ardhi yao, kitambulisho chao, na majibu kuhusu Wagalla. Ile mistari miwili myeupe iliwekwa kwa ajili yao. Wakiendelea kuona kwamba bendera inawafuta, wataendelea kuandika ukutani, na sitamshangaa yeyote miongoni mwao asiyesimama filimbi ikilia.

Tarehe 26 Juni 2024, siku ya pili, mpwa wangu alikuwa bado amelala. Bendera niliianika mwenyewe kwenye kamba ya nguo, nje, kati ya mashuka. Mchana jirani yangu, mzee wa heshima aliyestaafu utumishi wa serikali, aligonga mlango. Aliongea kwa sauti ya chini.

"Dada, ile bendera iingize ndani. Wasije wakajua hapa kuna kijana."

Hakuwa na ubaya. Alikuwa akituonea huruma, na baadaye ilionekana alikuwa na sababu: kufikia mwisho wa mwaka ule tume ya haki za binadamu ilikuwa imerekodi visa 82 vya watu kutekwa tangu Juni. Nilimshukuru, nikamkaribisha chai, akakataa. Nikabaki mlangoni nikiitazama. Maji yalikuwa bado yakidondoka kwenye pindo la kijani. Nilikumbuka filimbi, na mkono wa baba begani.

Sikuiingiza ndani. Niliiacha kambani hadi saa kumi na mbili kamili, ndipo nikatoka kuianua, kwa mikono miwili, isiguse chini.